Kamba ya Kuzimia Konveya Si ya Kuanikia Kanga

Nyie mafundi mnaoanza kazi sasa, kwanza wekeni simu mfukoni. Ninachotaka kuwaambia hakina picha. Mimi naitwa Kabula, nimestaafu, nakaa juu ya mawe huku Ilemela ambako hata mbuzi wanafikiri kwanza kabla ya kupanda. Maisha yangu ya kazi nimeyamalizia kwenye umeme wa viwandani. Sikuwahi kupanda nguzo wala kufunga taa za harusi. Nilifunga kamba. Mjomba wangu alipouliza nafanya kazi gani mjini na kusikia jibu hilo, alimgeukia mama akamuuliza kama kweli nilipelekwa chuo cha ufundi ili nije kufunga kamba, wakati ng'ombe walikuwepo nyumbani na wao pia wanafungwa kamba.

Kamba yenyewe ni hii. Kiwandani kuna konveya, yaani mkanda mrefu wa mpira unaozunguka juu ya rola na kubeba mzigo kutoka hapa kwenda pale. Mkanda hauna macho. Ukiupa mbegu unabeba mbegu, ukiupa mkono unabeba mkono, na hauulizi ni wa nani. Sasa pembeni yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, tunapitisha waya wa chuma uliovikwa plastiki nyekundu. Waya umeunganishwa na swichi. Ukiuvuta mahali popote, swichi inakata umeme wa mota na mkanda unasimama. Basi. Elimu yote ndiyo hiyo. Kinachobaki ni kupigana na binadamu.

Kiwanda chetu kilikuwa cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, kando ya ziwa. Konveya kubwa ilitoa mbegu ghalani ikazipandisha hadi kwenye kinu, na kipande kirefu kilipita nje chini ya paa la bati. Nilipofika mimi, kamba haikuwepo. Kulikuwa na kitufe kimoja chekundu, na kitufe hicho kilikaa ndani ya chumba cha paneli za umeme, nyuma ya mlango. Mtu akitaka mkanda usimame alipiga kelele, "Zima!" Aliyesikia akampigia kelele wa mbele yake, naye wa mbele yake, mpaka neno lifike chumbani kama salamu za harusini. Kuna siku neno lilifika likiwa limekuwa "Sima!" na mwendesha mitambo akajibu kwa sauti ya upole kwamba hapana, yeye leo amekula wali.

Mnacheka. Sisi pia tulicheka. Hapakuwa na aliyekuwa ameumia siku hiyo.

Aliyenifundisha kufunga kamba ni Mzee Magesa, mtu wa upande wa Mara, mfupi, mwenye mdomo ambao ungestahili kuwekewa swichi yake. Alikuwa mkuu wa mafundi umeme. Wiki ileile vifaa vya kamba vilipofika, alinipa upande mmoja wa konveya niufunge na yeye akachukua mwingine. Mimi nilitaka kumwonyesha kwamba nimesoma. Nilitoboa ukutani, nikafunga pete za bolti kwa mstari ulionyooka, nikapitisha waya, nikaukaza. Ukiutazama kutoka mlangoni ulikuwa kama umechorwa kwa rula.

Mzee Magesa akaja, akatazama, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kabula, ni nzuri sana," akasema. "Umefunga kamba ya malaika kuanikia nguo. Sasa twende tukafunge ya watu."

Akazima konveya kule kwenye paneli, akaweka kufuli lake ili mtu asiiwashe, ufunguo akautia mfukoni. Halafu akapanda juu ya mkanda na kulala chali na overoli yake, mbele ya wabeba magunia wote. Akaniambia nimshike mkono wa kulia kwa nguvu, nisiuachie.

"Sasa mimi nimeshikwa. Nina mkono mmoja na akili nusu. Kamba iko wapi?"

Akapapasa kwa mkono wa kushoto. Akapapasa hewa. Kamba yangu nzuri ilikuwa ng'ambo ya wavu wa kinga, juu, mahali ambapo angeifikia kama angekuwa mzima, amesimama, na hana shida yoyote. Yaani mtu ambaye haihitaji kabisa.

Tuliifunga upya kwa kutumia mwili wake. Alilala, akapiga magoti, akainama kama mtu anayefagia, akakaa kama mtu aliyeanguka kwa makalio, na kila mahali mkono wake ulipofika wenyewe bila kutafuta, nilitia alama ya chaki. Pete zikafuata chaki. Mwishoni, penye puli ya nyuma, lile gurudumu linalogeuza mkanda, ambako watu hufagia mbegu zilizomwagika, kamba ikashuka mpaka usawa wa kiuno. Haikunyooka tena. Ilikuwa mbaya kuitazama, na ilikuwa sahihi. Kwa hiyo nyie mnaochora kwenye kompyuta, choreni, lakini kabla ya kutoboa mkalale kwenye mkanda. Uzimwe kwanza, nakuombeni. Nisije nikasikia kuna mtu alilala huku unazunguka halafu akasema Bibi Kabula ndiye aliyemtuma.

Basi tukawasha. Kiwanda kikafanya kazi vizuri kwa muda wa asubuhi moja.

Saa ya chai mkanda ukasimama. Tukakimbia. Hakuna aliyeshikwa, hakuna aliyevuta. Tukatembea pembeni mwa kamba tukitafuta, tukaukuta mfuko wa plastiki umening'inia katikati ya kamba, na ndani yake kuna hotpoti ya ugali na sato mzima wa kukaanga. Mwenyewe alikuwa amekwenda chooni. Tukaondoa sato, tukawasha. Baada ya chakula ukasimama tena. Safari hii kanga mbili zimefuliwa, zinadondosha maji. Kesho yake mwavuli. Siku iliyofuata, sijui niwaambie, kuku wa kienyeji amefungwa miguu na kutundikwa kichwa chini, anatutazama kama sisi ndio tuliokosea.

Halafu likaja tatizo ambalo halikuwa na mwenyewe. Mchana, jua likishakaa vizuri juu ya lile bati, mkanda ulikuwa unasimama bila sato wala kuku. Waya ukipata joto unarefuka, ukirefuka unalegea, na swichi nzuri ya kamba inazima ikivutwa na inazima ikilegea, kwa sababu kamba iliyolegea huenda imekatika. Sisi tuliikaza asubuhi, ule upepo wa ziwani ukipuliza baridi. Shikeni hili: kamba ya nje usiiamini kwa hali ya asubuhi peke yake. Rudi mchana uiangalie ikiwa imechoka.

Msimamizi wa uzalishaji alikuwa Bwana Festo. Mwanamume wa makamo, shati la bluu kila siku, mtu wa kukimbia. Sikumchukia hata kidogo. Kila mkanda uliposimama, simu iliyolia ilikuwa yake, na aliyefokewa huko ndani ya simu alikuwa yeye. Alituambia mara kadhaa turekebishe. Tukasema tunasubiri springi za kukazia. Akasema sawa. Lakini uso haukusema sawa.

Siku moja asubuhi nikapita kuijaribu kamba kama kawaida. Nikaivuta. Mkanda ukaendelea. Nikaivuta tena kama mtu anayepiga kengele ya kanisa. Mbegu zikanipita taratibu kama vile sijasema kitu. Nikafuata waya mpaka kwenye swichi, nikakuta mkono wa swichi umezungushiwa waya wa kufungia nondo, umekazwa kwa koleo, vizuri kabisa, usiweze kusogea. Swichi inayofuata hivyohivyo. Zote.

Nilikwenda kwa Mzee Magesa bila hata kumwamkia. Akasikiliza, akanyanyuka, akaingia chumba cha paneli, akazima konveya nzima na kuweka kufuli. Kisha akainama, akavua kiatu, akautumbukiza ufunguo ndani ya soksi, akavaa kiatu, akakaa kwenye kiti.

Festo akaja mbio.

"Shikamoo mzee. Nani amezima?"

"Marahaba. Mimi."

"Kuna hitilafu?"

"Ipo."

"Iko wapi?"

"Imesimama mbele yangu, imevaa shati la bluu."

Mwendesha mitambo akaanza kusoma kwa makini sana maandishi ya kwenye kizima moto. Festo akavuta pumzi.

"Mzee Magesa, hiyo kamba imekuwa ikinisimamishia kiwanda kila siku kwa sababu ya samaki wa watu. Kinu kinakaa bure. Mimi naulizwa. Na kamba yenyewe sijaitoa, iko palepale."

"Ungeitoa ningekuheshimu kidogo," Mzee Magesa akasema. "Mtu akiona hakuna kamba anakaa mbali, anaogopa. Wewe umeiua halafu umeiacha imesimama ili watu waiamini. Siku mtu akishikwa ataivuta akijua amepona. Utakuwa wewe wa kumweleza?"

"Hakuna atakayeshikwa. Nimewaambia wawe makini."

"Basi waambie na sato wawe makini."

"Nikikuamuru ufungue hilo kufuli?"

"Ufunguo umo ndani ya soksi hii. Nimeivaa tangu juzi. Karibu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukweli ni kwamba Festo angeweza kutufukuza sisi wote wawili na kumleta fundi mwingine aje na mkasi wa kukatia kufuli, na swichi zikabaki zimefungwa waya mpaka leo. Nikaona hawa wanaume wawili watakaa hivi wakitazamana soksi mpaka jioni. Nikasema, "Bosi, wale watu wanatundika kwenye kamba kwa sababu hakuna pa kutundika. Sakafuni kuna panya na mafuta. Wewe chakula chako unakiweka wapi?"

Akafikiri. "Kwenye droo."

"Wao hawana droo. Tupe mbao na misumari. Na tupe mchana huu mkanda uwe umezimwa, tugawanye kamba ya nje iwe vipande vifupi, kila kimoja na swichi yake. Zile springi ukizileta, jua halitatuzimia tena."

Hakusema ndiyo. Alisema, "Ikizima tena kwa ajili ya samaki, naanza na wewe, Kabula." Akaondoka. Lakini mbao zililetwa, na springi zilizokuwa zinasubiriwa siku zote hizo zikapatikana kabla ya kesho yake, sijui zilikuwa zimejificha wapi. Mzee Magesa alikata zile nyaya za nondo zote kwa mkono wake. Tukapigilia misumari ukuta mzima, mirefu, na ya juu zaidi kwa wenye kanga. Kuanzia siku hiyo kamba ilibaki peke yake. Mkifunga kitu cha kuokoa watu, fungeni na kitu cha kuwasaidia wasikiharibu. Binadamu hatundiki mfuko kwa ubaya. Anatundika kwa sababu umechoka kubebwa.

Sasa niwaambie ya Minza.

Minza alikuwa mfagiaji wa upande wa puli ya nyuma, mama wa Kisukuma mwenye mwili na mwenye maneno, mkubwa kwangu kidogo, nikimwita dada. Mbegu za pamba zinamwagika sana pale nyuma, na kazi yake ilikuwa kuzifagia na kuzirudisha. Siku hiyo kulikuwa na baridi ya mvua, akavaa sweta pana la mikono mirefu. Mzee Magesa hakuwepo. Alikuwa amevuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kwenda msibani. Nilikuwa peke yangu upande wa umeme, kule kwenye kinu.

Minza aliingiza mkono na ufagio mfupi chini ya wavu wa kinga, penye upenyo. Sweta likashikwa kati ya mkanda na puli. Likamvuta. Akaanguka magoti, akajishika kwenye nguzo ya chuma kwa mkono wa pili, na hapo ndipo shida ilipokuwa, vijana wangu, mnisikilize. Kamba ilikuwa karibu naye kabisa, kiunoni, pale tulipoipigia chaki. Lakini mkono uliobaki ulikuwa unashindana na mkanda. Kuivuta kamba ilibidi aachie nguzo, na akiachia anakwenda. Alipiga kelele na kinu kikazimeza.

Aliyemwona ni Festo. Alikuwa anawatembeza wageni, watu wenye viatu vya kung'aa, anawaonyesha ghala. Waliokuwepo wanasema aliacha neno katikati, akaruka reli ya chuma inayotenga njia ya watu na mkanda, akaikamata kamba kwa mikono miwili akaning'inia nayo kwa mwili wake wote. Springi ikalia. Mkanda ukasimama. Festo akaanguka chali kwenye mbegu.

Mimi nilisikia kimya. Nilitoka mbio, na watu waliponiona nakimbilia chumba cha paneli badala ya kule kwenye vilio, wakadhani nimechanganyikiwa. Nilikwenda kuweka kufuli langu. Kamba imezima, ndiyo, lakini mtu mmoja mwenye huruma na mkono mwepesi anaweza kuwasha. Ufunguo mfukoni, ndipo nikakimbia kwa Minza.

Na huruma ilikuwepo tele. Festo alikuwa amepiga magoti amemshika kiuno, anapiga kelele, "Irudisheni nyuma! Washeni irudi nyuma!"

"Hakuna kuwasha!" nikasema. "Bosi, ikiwashwa hatujui itaanzia upande gani. Mshike hivyohivyo, usimvute. Nani ana spana kubwa?"

Mkanda hukazwa kwa bolti mbili ndefu pale kwenye puli ya nyuma, moja kila upande. Ukizilegeza, puli inasogea mbele na mkanda unakosa nguvu. Tulilegeza kidogo huku, kidogo kule, mimi upande mmoja na mbeba magunia mmoja upande wa pili, kwa sababu ukilegeza upande mmoja tu puli inakwenda mshazari na kumbana zaidi. Minza alikuwa amefunga macho.

"Kabula," akaniita.

"Naam, dada."

"Mkono upo?"

Niliutazama. Ulikuwa umeingia hadi karibu na kiwiko, ngozi imechubuka vibaya, na kifundo kimekaa pembe isiyo yake.

"Upo. Una hasira, lakini upo."

"Likateni hili sweta."

Mtu akaleta kisu cha kufungulia magunia. Nikaanza kukata begani. Akafumbua jicho moja, akawaona wale wageni wa viatu vya kung'aa wamejipanga.

"Na hao waambieni wageuke," akasema. "Sikuja kazini kuvuliwa nguo mbele ya watu nisiowafahamu."

Wageni wakageuka wote pamoja, kama askari. Festo akacheka, halafu cheko lake likageuka likawa kitu kingine, akaficha uso begani kwa Minza. Mkanda ukalegea. Mkono ukatoka.

Walimkimbiza hospitali kwa gari la wageni. Mfupa ulikuwa umevunjika na ngozi ilichukua muda mrefu kurudi, lakini vidole vyote vilibaki kwa mwenyewe. Sisi tulibaki pale. Festo alikaa juu ya gunia akaifungua mikono yake. Katika kila kiganja kulikuwa na mstari mwekundu alipokatwa na waya.

"Kabula," akasema, "ingekuwa bado nimeifu..."

Nilikaa kwenye gunia la pili na tukasubiri simu kutoka hospitali, wote wawili tukitazama sakafu iliyomwagika mbegu ambazo hakuna aliyezifagia.

Mzee Magesa aliporudi kutoka msibani hakutoa hotuba. Niliitegemea, nilikuwa hata nimejiandaa kuivumilia. Alikwenda kwenye kamba, akaibonyeza kwa kidole, akatazama springi iliyovutika ikapoteza umbo.

"Badilisha hii," akaniambia. "Bosi ni mzito."

Kisha akatukalisha na wabeba magunia tumweleze ilivyokuwa, akafunga bati jipya pale penye upenyo wa wavu, na akaongeza kamba ya pili upande wa kupitia watu, ili aliye karibu na aliyeshikwa aifikie bila kuruka reli. Ile chaki yetu ya kwanza ilimfikiria aliyeshikwa peke yake. Haikumfikiria jirani yake. Sasa mmejua, fungeni zote mbili.

Minza alikaa nyumbani mpaka mkono ukapona, kifundo kikiwa kimepinda kidogo. Festo alimwambia akirudi anaweza kukaa getini, au jikoni, popote anapotaka mbali na mkanda. Minza akasema anataka pale pale pake, asipewe huruma ya kumhamisha.

Asubuhi aliyorudi, tulikuwa wote tunamwangalia huku tukijifanya tuna kazi. Alikuja na ufagio mpya wa mti mrefu. Akauegemeza ukutani. Mkanda ulikuwa unazunguka, mbegu zinapanda, kinu kinanguruma. Minza akasogea kwenye kamba, akaitazama, akanyoosha ule mkono uliopinda na kuivuta.

Kila kitu kikasimama.

Festo akatoka ofisini mbio, shati limechomoka. "Nani amevuta?"

"Mimi," Minza akasema.

"Umeshikwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameshikwa?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini, mama?"

"Nilitaka kujua kama na mimi itanisikia."

Festo alisimama pale, anahema. Simu mfukoni mwake ikaanza kuita. Hakuipokea. Alimwangalia Minza, akaitazama kamba, halafu akanigeukia mimi.

"Kabula, iwashe," akasema. "Halafu avute tena."